Waraka kwa Jirani Mwenye Nyumba ya Nguzo

Bwana jirani,

Hongera kwa nyumba. Tangu ulipobomoa kuta za matofali mabichi alizokuachia marehemu baba yako, ukasimamisha nguzo nne, mabati mekundu na simba wa saruji getini, watu wa Lusangi wanaokuja sokoni Kasongo husimama kutazama. Saruji hapa Maniema hutoka mbali, na bei yake hupanda kila inaposhushwa na kupakiwa. Umetoa jasho, na mali yako sina kinyongo nayo.

Nina neno la maji. Paa la nyasi la zamani lilikuwa likinywa mvua, mabati hayanywi. Paa lako ndilo kubwa kuliko yote kwenye avenyu yetu, na ukuta wako mpya umeziba njia ambayo maji yalikuwa yakipita. Sasa yote yanaingia kwa mama mjane aliye nyuma yako. Tofali bichi likilowa chini, ukuta hushuka. Msimu uliopita alilala na watoto juu ya vitanda vilivyoinuliwa kwa mawe. Ulipelekewa habari. Wiki ile ile fundi wako alikuja, akajenga simba wa pili.

Halafu mwembe. Uliukata ili nyumba ionekane kutoka barabarani, na kweli inaonekana. Akina mama waliokuwa wakiuza karanga na ndizi kivulini mwake sasa wanakaa juani, wakiitazama.

Fahari si jambo geni mjini kwetu. Jeshi la Dola Huru ya Kongo, likiongozwa na Dhanis, lilipouteka mji wa mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu, tarehe 22 Aprili 1893, alikuwamo daktari Mwingereza, Sidney Hinde. Katika kitabu chake cha 1897 anaeleza aliyoyakuta: vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, bilauri za fedha, bustani za michungwa. Nenda leo Tongoni, ulipokuwa mji huo, ukaitafute hariri hiyo. Mali ile ilitokana na pembe za ndovu na watumwa, na sikufananishi na wenye mali hiyo. Wewe umechuma kwa biashara halali. Lakini angalia kilichobaki kwa walio wao na kwa wasio wao: mpunga waliouleta, ambao sote tunaula, na miembe kama ule uliouangusha.

Jenereta nalo lizimwe saa nne usiku. Hilo halihitaji maneno mengi. Kuna wagonjwa na kuna watoto wa shule.

Wewe ni mtu wa msikiti, unajua Mtume alivyousiwa juu ya jirani hata akadhani jirani atafanywa mrithi. Basi Jumamosi ya salongo, kazi yetu ya pamoja, tutachimba mfereji kuanzia pembe ya ukuta wako hadi kwenye mtaro wa barabara. Matofali ya kuchoma uliyoyabakiza, yale yaliyorundikwa njiani, yanatosha kujengea kingo zake. Mche wa mwembe ninao, nitauleta mimi. Chefu wa kartiye nimempa nakala ya waraka huu, kwa kuwa wewe hukai nyumbani mchana nami sipendi kusemea mlangoni.

Mvua za Septemba ziko karibu. Naomba uje mwenyewe na jembe, usimtume fundi.

Wako jirani, wa nyumba ya tatu mkono wa kushoto