Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Wanaotuunganisha kwa Saruji

Kwa Waheshimiwa wote wa Mipango, Miundombinu na Ujenzi,
Kindu, jimbo la Maniema.

Waheshimiwa,

Sisi wa Kibombo hatujambo. Barabara nayo haijambo: imelala, na hakuna gari la kuiamsha.

Kwanza tunawapongeza. Siku hizi kila mwenye kipaza sauti anasema mji na kijiji vitaunganishwa kwa ujenzi endelevu. Tumefurahi, maana sisi kazi hiyo tunaifanya miaka nenda miaka rudi, bila semina wala posho. Mpunga wa Kibombo na mafuta ya mawese yetu huenda Kindu kwa baiskeli. Fimbo moja hufungwa kwenye usukani ya kuongozea, nyingine nyuma ya tandiko ya kusukumia. Mwenye baiskeli hapandi. Mzigo ndio unaopanda, yeye anatembea kando yake zaidi ya kilomita 100, akivuka madimbwi na vijito vilivyotandikwa magogo. Hachomi hata tone la petroli. Kama kuna usafiri endelevu kuliko huo, tuonyesheni.

Ndiyo maana hatuulaumu Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, FONER. Sheria ya mwaka 2008 iliupa riziki yake kutoka tozo za mafuta ya magari na malipo ya vizuizini. Msukuma baiskeli hanunui mafuta, hivyo hachangii, hivyo hana cha kudai. Hesabu hiyo imenyooka kuliko barabara yenyewe. Barabara mbovu hufukuza magari, magari yakikosekana mafuta hayanunuliwi, mafuta yasiponunuliwa hakuna fedha ya kutengeneza barabara. Elimu ya namna hii ingefaa ipelekwe chuo kikuu.

Kuna pia reli. Mbelgiji, ambaye hakuja huku kwa kutupenda, aliijenga mwanzoni mwa karne ya 20 kwa jasho la babu zetu: kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo, kituo cha Kibombo kikiwa njiani, ili mali ipite pale ambapo mto Lualaba haupitiki kwa meli. Tangu hapo reli imekomaa, imekuwa mtu mzima. Treni huja inapojisikia, na mtu mzima haulizwi alikuwa wapi.

Mji, hata hivyo, hauna choyo. Tunaupelekea mpunga, nao unatuletea saruji. Mfuko wa kilo 50 hupanda baiskeli ileile iliyoshusha mpunga, ukiwa umefunikwa nailoni kama bibi harusi. Mvua ikiukuta njiani, na kwetu mvua haina adabu, kinachofika ni jiwe lenye umbo la mfuko. Hatulitupi. Tunaliweka mlangoni, wageni wanakalia. Huo nao ni ujenzi endelevu.

Mpango wa maendeleo ya wilaya 145 umetutia moyo zaidi. Dola bilioni 1.66 kwa nchi nzima. Shule 1,210, vituo vya afya 788, na majengo ya utawala 145, yaani kila wilaya ofisi yake, asisahaulike mtu mwenye muhuri. Kibombo ni mojawapo ya wilaya saba za Maniema, kwa hiyo fungu letu limo. Barabara za vijijini nazo zimeandikwa humo, maelfu kwa maelfu ya kilomita. Lakini tunaelewa ugumu wenu, Waheshimiwa: jengo lina mlango, na mlangoni utepe unafungika. Mtaro wa kupitisha maji ya mvua utaufunga utepe wapi?

Mchoraji wa majengo hayo, aliyeko Kinshasa, hatumlaumu. Viwanda vya saruji vya Lukala na Kimpese viko upande wake, na lami inamfikia. Akichora zege, zege linakuja. Tatizo ni pale mchoro wa namna hiyo unapoletwa Kibombo kana kwamba umeshushwa kutoka mbinguni, halafu mnashangaa bei ya ukuta.

Huku udongo tunaukanyaga. Tena tuna udongo wa kichuguu, ambao fundi yeyote wa hapa atawaambia unavyoshika. Hatujitakasi: matofali ya kuchoma yanatumaliza. Tazameni mdomo wa tanuru unavyomeza magogo usiku kucha, na mwenye tanuru anavyozidi kwenda mbali kutafuta kuni. Lakini lipo tofali lisilohitaji moto: udongo uliochekechwa, saruji kidogo, mashine ya kushindilia kwa mkono, kisha kivuli. Mfuko mmoja wa saruji unatoa matofali mengi, na msitu unabaki umesimama.

Mkitaka ushahidi, haupo Ulaya tu. Katika jimbo la Tshuapa, lenye msitu kama letu, shule ya msingi ya Ilima ilikamilika mwaka 2015. Kufikisha vifaa kule ni taabu kama kwetu, hivyo wasanifu wa MASS Design Group walijenga na wanakijiji kwa vilivyopatikana karibu, hata paa likaezekwa vigae vya mbao. Nchini Burkina Faso, msanifu Francis Kéré alijenga kwa udongo shule ya kijiji chake cha Gando, ikakamilika mwaka 2001. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika usanifu majengo. Udongo ule ungefika kwenye dawati la zabuni huku kwetu, ungeambiwa hauna vyeti.

Sasa kejeli tuziweke pembeni. Maombi yetu ni matatu. Vijiji vilivyo kando ya barabara ya Kindu vipewe kazi ya kudumu ya kuzibua mitaro na kuziba mashimo, vilipwe kila mwezi, badala ya kungoja tingatinga kila baada ya uchaguzi. Kila zabuni ya jengo ionyeshe kwa maandishi ni kiasi gani cha fedha kitabaki mikononi mwa mafundi, wachimba mchanga na maseremala wa hapa. Na kabla ya kusaini chochote, njooni kwa barabara, mwezi wa Novemba, mvua ikiwa kazini.

Jengo lililojengwa kwa vifaa vya mbali na mafundi wa mbali, likipata ufa litangoja msaada wa mbali. Lililojengwa kwa udongo wetu na mikono yetu tutalikarabati wenyewe. Tupeni njia inayopitika mwaka mzima, shule tutaijenga.

Wenu katika matope,
Mkazi wa Kibombo