Sifa za Bwana Lengelenge

Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, imesifiwa kwa mawese yake, kwa samaki aina ya mukeke wa kuchoma na kwa ndagala wanaoanikwa ufukweni. Lakini Bwana Lengelenge, yule anayejitokeza ukingoni mwa mdomo, hajapata hata shairi moja. Leo namlipa deni lake.

Kwanza tumtenge na mpasuko wa kiangazi, ambao watu humsingizia kuwa ndugu yake. Mvua zikikatika mwezi Juni, upepo wa kusini hulipiga ziwa na jua la ufukweni halina huruma. Midomo ya wavuvi, ya akina mama wanaogeuza ndagala juani na ya vijana wa bandarini hukauka yote. Mpasuko hauna mpango. Hutapakaa juu na chini, hubandua ngozi, huchana mstari katikati ya mdomo ukatoka damu ukicheka. Hauna maji ndani wala hauambukizi. Ukiulamba ndipo unazidi, kwa kuwa mate yakikauka huondoka na unyevu uliokuwapo. Paka tone la mawese au vaselini, acha kulamba, na baada ya siku chache umekwisha. Cha kusifu hapo ni kipi?

Bwana Lengelenge ana adabu. Haingii bila kutuma mjumbe: siku moja hivi kabla, mahali padogo pa mdomo huanza kuwasha na kuchonyota, na kwenye kioo huoni kitu. Dalili ya mvua ni mawingu. Kisha hutoka vilengelenge vidogo vilivyosongamana, vyenye maji ndani. Wekundu usiusubiri, kwenye ngozi nyeusi hauonekani sana, tazama maji. Vikipasuka huwa kidonda, kidonda hufunga gamba la manjano, na kwa kawaida siku saba hadi kumi mwenyewe amefungasha virago. Akirudi, hurudi palepale, au jirani yake. Mpasuko hauna anwani, yeye anayo.

Tena ni mwaminifu kupita wakwe. Kirusi chake, hepesi aina ya kwanza, kikishaingia hakihami. Hulala kwenye fundo la neva ndani ya fuvu, karibu na sikio, kikisubiri kuamshwa na jua kali, uchovu, mawazo, hedhi au homa. Ndiyo maana akimtokea mgonjwa, shangazi husema kwa furaha: “Malaria imetokea mdomoni, sasa utapona.” Shangazi tumheshimu, lakini homa haikutoka, ilimwamsha tu aliyelala. Mwili ukiendelea kuchemka, kapime damu.

Habagui. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanaishi na kirusi hiki. Wengi walikipata utotoni, kwa mate ya watu waliowapenda, na wengi hawaoni dalili yoyote. Basi mmbea anayemwona mdomoni mwa binti wa watu akaanza kuuliza binti alilala wapi, huenda naye anamfuga mpangaji huyohuyo bila kujua.

Ni mwalimu pia. Nani mwingine angetufundisha kwamba kikombe cha kahawa hakizungushwi baraza zima, au kwamba kwenye mtungi wa pombe ya impeke kila mtu aujue mrija wake? Akiwapo, hutakiwi kumbusu mtoto mchanga, maana kwa mtoto huyo anaweza kuua. Ukimgusa unanawa mikono kabla ya kushika jicho, maana jichoni anaweza kuacha kovu linaloziba mwanga.

Ndimu, chumvi na dawa ya meno huzipokea kama matusi: zinamchoma mwenye mdomo, yeye hazimhamishi. Anachokiheshimu kidogo ni asikloviri, dawa iliyotoka katika maabara ya Gertrude Elion, mwanasayansi wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobeli mwaka 1988. Hata hiyo hufaa zaidi ikiwahi mjumbe, kabla bwana mwenyewe hajakaa.

Na tusimbebeshe makosa ya wengine. Pembe zote mbili za mdomo zikichanika kwa pamoja na kukaa hivyo, mara nyingi ni fangasi, au mwili umepungukiwa madini ya chuma au vitamini B. Huko hayumo.

Hukumu yangu ni hii: kinachokauka na kubanduka mdomo mzima, kipe mafuta. Kinachowasha kwanza, kikatoa maji na kurudi palepale, kipe kikombe chake na nafasi yake. Lakini akipitisha wiki mbili, akisogelea jicho, akimtokea mtoto mchanga au mtu ambaye kinga yake imeshuka, sifa zangu zote nazifuta. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.