Mkimbizi wa Chini ya Oveni

(Nyumbani, Dar es Salaam, keshokutwa ni sikukuu. Jiko la gesi la plate nne lenye oveni linang'aa sebuleni kama gari la harusi. Maharage yanachemka uani, kwa mkaa. Mende anapenya kwenye droo iliyo chini ya oveni.)

MENDE: Shikamoo, Mzee Droo.

DROO: Marahaba. Futa miguu, najua ulikotoka.

MENDE: Huyu aliyejikunja pembeni ni nani?

RAMBO: Shii! Mimi Rambo, mfuko wa plastiki, mkimbizi. Nilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mama mwenye nyumba akanificha humu na ndugu zangu.

MENDE: Mko wangapi?

RAMBO: Mimi nimo ndani ya kaka, kaka yumo ndani ya shangazi, shangazi yumo ndani ya mfuko wa duka la viatu, na huo wa viatu...

MENDE: Basi, basi.

RAMBO: ...umo ndani ya mfuko wa mchele. Na mimi wa ndani kabisa nimebeba mfuniko wa chupa ya chai. Chupa yenyewe ilivunjika.

DROO: Wangekuficha juu ya kabati nisingefungua mdomo. Unajua juu yangu pana nini?

RAMBO: Dari?

DROO: Moto! Oveni ya gesi huwaka kwa chini. Keki ikiwa juu ya moto, mimi niko chini yake. Wewe ukifika nyuzi mia na kitu tu, unakuwa uji.

RAMBO: Mbona hatujawahi kuungua?

DROO: Kwa sababu oveni haijawahi kuwashwa! Ilinunuliwa wageni waione. Lakini keshokutwa wanakuja wakwe, na Mama ameahidi keki.

MENDE: Lakini umetandikwa vizuri, Mzee. Kitambaa cha plastiki cha maua, chini yake gazeti...

DROO: Chini ya gazeti mafuta ya samaki yaliyodondoka, na juu yake viberiti pakiti nzima. Hilo si tandiko, ni mpango wa kuchoma nyumba. Halafu wameficha mtungi wa gesi ubavuni kwangu, na panya ameshaonja mpira wake. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inashuka, inajaa sakafuni, inajaa kwangu. Unanusa harufu, unakimbilia wapi? Kwenye viberiti, uwashe uone vizuri!

MENDE: Sasa utandikwe nini?

DROO: Nifutwe mafuta, nikauke, niachwe bati tupu. Asiyeweza kulala bila shuka, basi foili moja, bapa, isizibe tundu wala kugusa waya. Na asiipandishe akaitandaze sakafuni mwa oveni: itaziba matundu ya hewa, moto uwake vibaya, utoe ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Nipewe trei, masinia na sufuria za chuma zisizo na mikono ya plastiki. Basi!

MENDE: Nani kakufundisha yote haya?

DROO: Huyu hapa. Salimia, Kijitabu.

KIJITABU: (kutoka ndani ya nailoni ambayo haijafunguliwa) Ukurasa wa kwanza kabisa nimeandika: karatasi, plastiki na vitu vinavyoshika moto visiwekwe ndani ya droo.

MENDE: Na wewe umewekwa wapi?

KIJITABU: Ndani ya droo.

DROO: Wasomi hao! Shahada ukutani, maelekezo ya jiko hayajafunguliwa. Laki kadhaa kwa kioo cha oveni, dakika tano za kusoma hawana. Na mpira wa gesi, ambao bei yake ni kama soda chache, wanausubiri upasuke wenyewe.

RAMBO: Mzee, unanitisha. Nitoke niende wapi?

DROO: Popote pasipo na moto. Na wewe unayetusikiliza, usicheke. Inama uvute droo yako sasa hivi, kabla hujawasha oveni. Viberiti vitoke kwanza.