Kwa Heshima ya Divisheni Ziro

Kila Januari matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, Divisheni Wani hupigwa picha. Huvishwa shada, hubebwa juu juu, waandishi humuuliza siri ya mafanikio yake, naye hujibu, kama wote waliomtangulia, kwamba ni kumtanguliza Mungu na kuwasikiliza walimu. Ziro haulizwi lolote. Ndugu wakipiga simu humtaka mama yake, tena kwa sauti ya kutoa pole. Dhuluma hiyo ndiyo inayonitoa ndani leo, maana katika elimu ya Tanzania sijaona mtumishi aliyefanya kazi nyingi akapata shukrani chache kama yeye.

Kwanza wamemzushia kwamba hana kitu. Si kweli. Baraza la Mitihani huchukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Anayeng'ara kuliko wote huondoka na pointi 7. Ziro hana chini ya 34! Na ndani ya Ziro kuna watu na watu. Mwenye F tupu ana 35, lakini aliyeambulia D moja, mara nyingi ya Kiswahili, ana 34, na huyo hataki kabisa kuchanganywa na wenzake. Fungua matokeo ya shule ya kata utamkuta: Uraia F, Historia F, Jiografia F, Kiswahili D, Kiingereza F, Biolojia F, Hisabati F. Ile D imesimama pale kama nguzo ya umeme iliyofika kijijini kabla ya nyaya. Angepata D nyingine angekuwa na 33, akaitwa Divisheni Foo, akapewa cheti cha Baraza. Alama 29 ni F, 30 ni D. Miaka minne ya shule inaweza kuning'inia hapo, kwenye alama moja ya Jiografia.

Nchi nyingine bado zinagombana kama mtihani wa taifa uwe sharti la kuhitimu sekondari. Sisi tuliumaliza ugomvi huo zamani: tunahitimisha kwanza, tunatahini baadaye. Mahafali ni Septemba au Oktoba. Mgeni rasmi anachelewa saa tatu, risala inaomba bati za maabara, keki inakatwa, shangazi anakwenda mbele akicheza kumtunza mtoto noti ya elfu mbili. Mtihani ni Novemba. Kwa hiyo Ziro huwa mhitimu halali kwa miezi mitatu hivi kabla ya kuambiwa kwamba hakuhitimu. Pilau hairudishwi.

Lakini utumishi wake uliotukuka aliufanya katika mtihani wa 2012. Matokeo yalitangazwa Februari 2013: watahiniwa zaidi ya 240,000, zaidi ya asilimia 60, wote wako kwa Ziro. Kwa miaka kadhaa viongozi walikuwa wakihesabu majengo ya shule za kata. Ziro akahesabu yaliyomo ndani. Hakudai posho wala gari. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na Mei serikali ikaliambia Bunge kwamba matokeo yanafutwa na kupangwa upya, kwa kuwa utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa. Yakapangwa. Maelfu wakaamka wana Divisheni Foo bila kusoma ukurasa mmoja wa ziada, jambo ambalo hakuna tuisheni iliyowahi kuliweza.

Oktoba ya mwaka huohuo ikaletwa dawa nyingine: Ziro afutwe, pawe na Divisheni Faivu. Mtoto yuleyule, F zilezile, cheo kipya. Watu wakapiga kelele, na matokeo yaliyofuata yalipotoka Ziro alikuwa kwenye safu yake kama kawaida. Kwa mtihani wa 2014 madivisheni yote yakaondolewa, ikaja GPA; wazazi wakaletewa namba zenye nukta wasijue wacheke au walie. Januari 2016 Waziri Joyce Ndalichako, aliyewahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza lenyewe, akaagiza madivisheni yarudi. Ziro akaripoti kazini bila kudai malimbikizo.

Ninachompendea zaidi, hata hivyo, ni moyo wake wa kubebea watu mizigo. Mwalimu wa Hisabati aliyehamishwa katikati ya muhula hana namba ya mtahiniwa. Vitabu vilivyolala stoo havina namba ya mtahiniwa. Uamuzi wa kumsomesha mtoto kwa Kiswahili miaka saba, kisha siku ya kwanza ya kidato cha kwanza kumgeuzia karibu kila somo kuwa Kiingereza, nao hauna namba. Anayo Ziro peke yake, na amefundishwa kuiandika kwa usafi kila ukurasa. Matokeo yakibandikwa, wote hao wanakuja kuyasoma wakitikisa kichwa, wanasema watoto wa siku hizi hawapendi shule, simu zimewaharibu.

Wenye vituo vya kurisiti nao wanajua nani anawalipia kodi ya pango. Wala Ziro hana wivu: Baraza lilipotangaza Januari 2023 kwamba halitataja tena shule bora wala wanafunzi bora, Wani ndiye aliyenuna. Ziro alilala usingizi wake.

Sasa wapo wanaotaka mtihani usiwe sharti la cheti tena, cheti kitokane na maendeleo ya mtoto darasani. Hoja yao ina uzito, lakini nawasihi wasiharakishe. Ziro akistaafu, kazi yake itabidi igawanywe. Itabidi mtu aende halmashauri akaulize mwalimu wa Fizikia yuko wapi, na swali hilo halina a, b, c na d za kuchagua.