Hesabu ya Vitanda: Utangulizi wa Taksonomia ya Makao ya Wazee Usenge

Wataalamu wa makao ya wazee huanza kwa kuhesabu vitanda. Mila hiyo ina asili yake. Mwaka 1839, huko Ufaransa, Jeanne Jugan alimpa kikongwe kipofu kitanda chake, yeye akaenda kulala darini. Kitanda hicho kimoja kikazaa shirika la masista linaloendesha Nyumba ya Wazee kule Kasarani, Nairobi. Nasi tukashuka Usenge, kando ya ziwa huko Siaya, na daftari, tayari kuhesabu.

Tulikwama kwenye jina. Tulipomwomba kijana wa boda boda atupeleke kwenye makao ya wazee, aliuliza, "Ya mzee gani?"

Swali lake lina msingi wa kisheria. Wajaluo hutofautisha ot, yaani nyumba, na dala, yaani boma la mtu, na tofauti hiyo iliwahi kufika hadi Mahakama ya Rufaa. Wakili S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, na katika kesi ya wapi azikwe, ukoo wake ukadai kwamba Nairobi alikuwa na nyumba tu. Kwao ni Nyalgunga, hapa hapa Siaya. Ukoo ulishinda. Maiti ilikuwa imengoja miezi 5. Kwa hiyo ukitangaza Usenge kwamba utampeleka mama yako kwenye nyumba yenye manesi na bustani, watu wataelewa sehemu moja tu: unamtoa dala.

Tukageukia walezi, na spishi zikajipanga zenyewe.

Mlezi wa Simu huishi Nairobi au Mombasa na huonekana kwa macho mwezi wa Desemba. Miezi mingine hutambulika kwa mlio wake: "Mama, ile kitu imefika?" Ana nusu-spishi, Mjenzi, ambaye humjengea mama nyumba ya matofali yenye vigae vinavyong'aa. Mama akijaribu vigae hivyo mara moja na bakora yake, hurudi kulala jikoni, na nyumba mpya inakaliwa na magunia ya mahindi. (Itafaa sana siku ya matanga, na tunashuku Mjenzi alilijua hilo.)

Serikali ni spishi ya kuhamahama. Tangu 2018 pesa ya wazee ya mpango wa Inua Jamii imekuwa ya wenye umri wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini hutokea kama kumbikumbi: unajua itakuja, hujui lini. Ikija, hugeuka daftari na sare za shule kabla haijafika nyumbani.

Mkaza mwana ndiye anayeogesha, anayegeuza mgonjwa kitandani, anayepika uji, na kati ya hayo anaanika omena ufuoni. Uchambuzi wake hapa ni mfupi kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuhojiwa.

Wa mwisho ni Mlezi wa Miaka Tisa. Kifaa chake ni fimbo: yeye ameshika ncha ya mbele, mzee asiyeona ameshika ya nyuma, na hivyo wanafika sokoni bila kiti cha magurudumu, ambacho mchanga wa ufuo ungekimeza. Mshahara wake hulipwa kwa hadithi. Zamani malipo hayo yalikuwa na ofisi maalumu, siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambamo watoto walilala na kufunzwa.

Ilibaki kumpata mlelewa, na hapo jedwali letu lilipinduka. UKIMWI ulipita ziwani ukawachukua wazazi wengi, ukawaacha nyanya na wajukuu. Tuliyemwandika mkazi ndiye aliyekuwa mpishi, mlinzi na mlipa ada.

Kitanda tulikipata jioni, kimoja. Walilala watoto watatu. Nyanya alikuwa mkekani, karibu na mlango. Tulimuuliza tuandike nini kwenye safu ya mahitaji ya mkazi. Akatutazama, akauliza kama tumekula.