Sifa za Filamu Isiyoficha Kitu

Wako watakaosema ninaivika filamu hii kilemba cha ukoka. Na waseme. Kwa miongo mingi wakosoaji wameiorodhesha miongoni mwa filamu mbovu kuliko zote duniani, nami nimechoka kuona yatima akizabwa kofi na kila apitaye. Santa Claus Conquers the Martians, iliyotoka Marekani mwaka 1964 ikiongozwa na Nicholas Webster, ndiyo filamu aminifu kuliko zote za safari za anga. Haimfichi mtoto kitu.

Tazama sayari yenyewe. Mirihi hii iko Long Island, New York, ndani ya banda la zamani la ndege. Waongozaji wa siku hizi humwaga mamilioni kwenye kompyuta ili mtazamaji adanganyike kwamba ameondoka duniani. Webster inasemekana alikuwa na dola 200,000 hivi, basi akaamua kusema kweli: ukuta ni ukuta, na mbao ni mbao. Wakazi wa Mirihi ni watu wazima na heshima zao, wamevaa nguo za kubana na kofia zenye antena, nyuso wamezipaka rangi ya kijani ambayo pengine imekolea, pengine imekata tamaa. Bunduki wanazotishia nazo watu wa dunia zilikuwa vitu vya kuchezea vya kupuliza hewa, vilivyouzwa madukani. Niambie ni filamu gani nyingine ya vita vya sayari ambayo mtoto angeweza kutoka ukumbini akaenda kununua jeshi zima la adui.

Kisa chake nacho kina busara ya kiutawala. Watoto wa Mirihi hawana furaha, wanakodolea macho vipindi vya televisheni ya duniani. Mtawala wao, Kimar, anamwendea Chochem, mzee wa miaka 800, anayemweleza kwamba watoto hawa wamejazwa elimu kwa mashine na hawajaonja utoto. Wanahitaji Santa Claus wao. Hapa serikali ya Mirihi haiundi tume wala haiitishi kongamano. Inarusha chombo na kwenda kumteka mzee wa watu, pamoja na watoto wawili, Billy na Betty, waliojikuta njiani. Ndege za kivita za Marekani zinaruka kukabiliana na uvamizi huo, na picha za ndege hizo zimetoka kwenye akiba ya jeshi. Kwa nini upoteze fedha kupiga picha za ndege ambazo jeshi limekwisha kuzipiga?

Lakini ni Ncha ya Kaskazini filamu inapofika kileleni. Pale anatokea dubu. Ni mtu ndani ya vazi la dubu, hilo halina ubishi, maana anatembea kama mtu, anageuka kama mtu, na manyoya yanamjikunja pale ambapo dubu hana mkunjo. Wanaomcheka hawajawahi kulala chumba kimoja na mtoto aliyetazama dubu wa kweli kweli. Huyu wetu hamkoseshi mtu usingizi. Baada yake anakuja roboti Torg, maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha, ametumwa amkamate Santa. Santa anamtazama, anaona mdoli, na Torg naye papo hapo anakubali kuwa mdoli. Hatii amri tena. Katika filamu nzima sijaona aliyeigiza kwa ukweli zaidi.

Adui ni Voldar, mwenye sharubu na msimamo: hataki Mirihi icheke. Steringi ni mzee mwenye kitambi asiyerusha ngumi hata moja, na wakati wa mapambano ya mwisho ni watoto wanaomshambulia adui kwa midoli. Sijui kama kuna bajeti kubwa iliyowahi kufikiria hivyo.

Na wanaodai filamu ya namna hii huua vipaji, wasome kumbukumbu. Pia Zadora, binti mdogo wa Kimar mle ndani, alipata tuzo ya Golden Globe mwaka 1982, ingawa tuzo hiyo ilizua manung'uniko mengi. Bill McCutcheon, aliyeigiza Dropo, mvivu mkuu wa Mirihi, alitwaa tuzo ya Tony mwaka 1988 kwa tamthilia ya muziki Anything Goes. Rangi ya kijani ilitoka, sanaa ikabaki.

Filamu nyingi za gharama kubwa zina mawakili wanaozilinda zisinakiliwe. Hii, kule Marekani, imekwisha kuwa mali ya umma: hakuna wa kukudai, hakuna wa kukushtaki. Itafute basi, waite watoto, keti nao mwanzo hadi mwisho. Ni dakika 81 tu.