Sataranji Isiyo na Ubao

Kangle, huko Guangzhou, China, ni kijiji kwa jina tu. Jiji lilikimeza zamani, na kilichobaki ni vichochoro vyembamba vya karakana za nguo, jirani na soko kubwa la vitambaa la Zhongda. Mabosi wanaotafuta mafundi hujipanga kando ya njia, kila mmoja na nguo ya mfano mkononi na kipande cha boksi kilichoandikwa bei. Fundi hapewi mwongozo wa kusoma. Huigeuza ile nguo ndani nje, huvuta mshono, hukagua pindo, kisha hukubali bei au humfuata bosi wa pili. Ng'ambo ya barabara ya Xingang kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, nayo yaitwa Kangle vilevile. Tuseme mwanafunzi wa upande huo anataka kuikompaili mwenyewe injini ya sataranji kwenye Windows, yaani kuugeuza msimbo wake kuwa programu. Huyu atapewa maelezo, tena mafupi na safi, ila nguo ya mfano hatapewa. Nami nashikilia kwamba maelezo ya kukompaili huandikwa na mtu aliyekwisha kukompaili, kwa ajili ya mtu aliyekwisha kukompaili, na anayekwama njiani asiitwe mzembe.

Ushahidi ni injini ya Stockfish, iliyozaliwa mwaka 2008 kutokana na injini nyingine, Glaurung ya Tord Romstad. Ni programu huria, leseni yake ni GPL, na hakuna bingwa wa kibinadamu anayetarajia kuifunga. Maelezo yake kwa watu wa Windows ni mepesi: sakinisha MSYS2 (mkusanyo wa zana za kukompaili), chukua msimbo, ingia folda ya src, andika make -j profile-build. Haya. MSYS2 ikishaingia, menyu inajaa majina: MSYS, MINGW64, UCRT64, CLANG64. Yote hufungua kidirisha kilekile cheusi, tofauti ni rangi ya nembo. Ukikosea rangi, unaambiwa kompaila ya g++ haipo, na wewe umetoka kuisakinisha sasa hivi. Kisakinishi nacho kinaomba folda yenye jina fupi, lisilo na nafasi, kwa herufi za ASCII tu, ombi zito katika jiji ambalo mtu huiandikisha kompyuta yake kwa jina lake la Kichina. Wa Dodoma na Mombasa wasicheke. Weka msimbo ndani ya folda iitwayo “Kazi za Shule” uone make inavyoweza kuapa kwamba hayo ni mafaili matatu. Anayekimbilia kompaila ya Microsoft, kwenye Windows ya Kichina inayotumia jedwali la herufi namba 936, huweza kupokewa na onyo C4819 kwa sababu ya herufi moja yenye kialama juu, hata kama imo ndani ya maoni ambayo kompaila ingeyaruka tu. Tena huenda akataka kuchagua mwenyewe aina ya prosesa. Akiandika avx2 na prosesa yake haina uwezo huo, programu itakompailika lakini itakufa mara tu inapoamshwa.

Halafu kuna msiba wa kufaulu. Amri ile hukompaili, huiendesha programu ili kuipeleleza, kisha hukompaili upya kwa kufuata ilichokiona. Feni inalia, mistari inapanda, mwishowe faili linatokea. Unalibofya. Kidirisha cheusi kinaandika jina la Stockfish na kunyamaza. Hakuna ubao wala kete. Ukiandika uci, unajibiwa orodha ndefu inayomalizikia uciok. Sababu ipo, tena nzuri: tangu Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen watoe itifaki ya UCI mwaka 2000, injini hufikiri tu, na kuchora ubao ni kazi ya programu nyingine. Asiyeambiwa hilo huamini ameharibu, naye hufuta kazi iliyofanikiwa.

Utaniambia: si apakue iliyo tayari? Kwa wengi ndilo jibu, sibishi. Lakini Guangzhou ni jiji la Yang Guanlin, bingwa wa kwanza wa taifa wa sataranji ya Kichina mwaka 1956, na injini huria ya mchezo huo, Pikafish, ilipatikana kwa sababu kuna watu walioufumua msimbo wa Stockfish wakaushona upya. Haki ya kufumua haina faida kwa anayekwamia kwenye rangi ya nembo. Wapo pia wa “hamia Linux”, ambao hutibu kila ugonjwa wa Windows kwa kuizika Windows. Pingamizi lenye uzito ni kwamba waandishi wa Stockfish wanajitolea, hawana deni na mtu. Kweli. Tena kila badiliko hujaribiwa kwa mashine za kiotomatiki, Windows ikiwemo. Tatizo ni kwamba mashine hizo ni mpya kila mara, zinajua Kiingereza, na hakuna aliyewahi kuziwekea folda ya Kazi za Shule. Nguo inapimwa kwa mteja asiye na mwili. Wangebandika picha za skrini za walioshindwa, kila kosa na dawa yake, na juu kabisa, kabla ya amri ya kwanza, waandike kwamba mwishoni hakuna ubao, usifute.